Kituo cha Lukumbi Kiko Hai

Gari lilikataa kuwaka mpaka Mzee Ambakisye apimwe uzito pamoja na mashine yake ya kupumulia.

Sekela alimkalisha baba yake kiti cha mbele, akaiweka mashine miguuni pake na kuchomeka waya wake kwenye tundu la chini ya dashibodi. Mashine ikaanza kunguruma taratibu. Mzee akarekebisha mpira mwembamba uliopita nyuma ya masikio yake na kuingia puani, kisha akatulia kama mtu anayepigwa picha.

"Kilo sabini na nne," ilisema sauti ya Msafara, mfumo wa kompyuta uliopanga safari zote, sauti ile ile ya kike iliyosikika katika kila gari nchini. "Mashine itakula umeme wa kilomita tano kila baada ya saa mbili. Subiri mpango wako."

"Zamani ulikuwa unajaza mafuta, unaondoka," alisema mzee.

"Zamani ulikuwa unaendesha greda, Baba. Ulikuwa unaondoka na kurudi baada ya miezi mitatu."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Miaka thelathini alitengeneza barabara za kusini na za kati, na vumbi la kokoto alilolivuta miaka hiyo yote ndilo lililomkaa kifuani. Mabasi hayakuwachukua watu wenye mashine. Na dada yake, shangazi wa Sekela, alikuwa mahututi Singida, amemtaka kaka yake aje kabla hajafumba macho. Ndiyo maana Sekela aliliazima gari la kaka yake, gari kuukuu la umeme ambalo betri yake ilipokuwa mpya ililifikisha kilomita mia tatu, lakini sasa zilibaki mia moja na sitini, ukiendesha kwa adabu.

Kioo kiliwaka. Makongolosi, chaji dakika hamsini. Rungwa, chaji dakika arobaini. Lukumbi, chaji saa moja. Itigi, kisha Singida. Kila kituo kilikuwa na alama ya kijani na maneno mawili: *Kiko hai.*

Sekela aliukagua mpango kwa jicho la mtu wa kazi hiyo. Alikuwa mpangaji mwandamizi wa foleni katika Mamlaka ya Safari. Yeye na wenzake sita, katika ofisi moja Dodoma, ndio walioufundisha Msafara jinsi ya kuwagawia umeme wasafiri wa nchi nzima. Hakuona kosa lolote. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri walipotoka Mbeya.

* * *

Rungwa walifika saa nne na nusu, jua limeshakuwa kali. Magari matatu tu yalikuwa kituoni. Sekela alichomeka waya, akamnywesha baba yake uji wa chupa, akazunguka gari akiwafukuza mbung'o kwa kanga.

Dakika ishirini na tano baadaye plagi ilijifungua yenyewe kwa mlio mfupi.

"Asilimia sitini," alisoma. "Bado. Tulipangiwa dakika arobaini."

"Mpango umebadilika," Msafara ulisema. "Chaji inayobaki utaipata Lukumbi. Kituo cha Lukumbi kiko hai. Plagi mbili ziko wazi. Hakuna foleni."

Pembeni yake, gari kubwa jeupe, jipya kabisa, lilikuwa limepita asilimia tisini na bado linanyonya. Mhudumu wa kituo, mwanamke mnene aliyevaa ovaroli, alikuja kuurudisha waya ukutani.

"Dada, kuna tatizo na hii plagi?"

"Haina tatizo," mhudumu alijibu bila kumtazama. "Magari ya zamani yote yanaambiwa hivyo. Wiki hii ni la nane kwenda Lukumbi."

"Na yalifika salama?"

"Nitajuaje? Mimi huyaona yakienda tu, sijaona linalorudi." Akamtazama mzee kupitia dirishani, akautazama mpira wa puani. Akasita. "Mna maji ya kutosha?"

Sekela alisema wanayo lita tano. Yule mwanamke aliingia ofisini kwake, akatoka na dumu jingine, akaliweka kiti cha nyuma bila kuongeza neno.

Walipokuwa wanaondoka Sekela alijaribu kupiga hesabu yake mwenyewe. Asilimia sitini, kilomita tisini na sita. Lukumbi ni kilomita tisini na mbili. Angezima kiyoyozi na kwenda mwendo wa hamsini, angefika na kidogo cha akiba. Nao Msafara haudanganyi. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Msafara haukuwa na sababu ya kudanganya.

Katika mwendo wote huo, vichaka vikiwa vimesongamana kushoto na kulia, hawakupishana na gari hata moja.

* * *

Kituo cha Lukumbi kilikuwa na paa zuri la bati la buluu, paneli za jua zilizopangwa kama vitanda vya hospitali, na bango lililowaka: KARIBU. KIKO HAI.

Chini ya paa yaliegeshwa magari saba. Yote ya zamani, na yote milango wazi. Moja lilikuwa na kiti cha mtoto kilichojaa majani makavu. Jingine lilikuwa limeachiwa karatasi kwenye kioo, wino umepauka kwa jua: *Tumechukuliwa na lori la mbao. Tafadhali msiibe matairi.*

Sekela alichomeka waya. Hakuna kilichotokea. Akahamia plagi ya pili. Akafungua kabati la betri za kituo nyuma ya ukuta, akaona taa moja nyekundu, hafifu, na harufu ya kitu kilichoungua siku nyingi zilizopita.

"Zimekufa hizo," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, midomo imepasuka kwa kiu. Alitoka kwenye gari la mizigo lililoegeshwa mwisho kabisa, na huko alikotoka kulivuma nzi. Aliitwa Nyanjige, mfanyabiashara wa vifaranga. Alikuwa amebeba vifaranga mia sita kutoka Mbeya kwenda Itigi. Leo ilikuwa siku yake ya pili hapo.

"Walianza kufa jana mchana," alisema. "Walilia, wakalia, halafu kukawa kimya. Nyie ndio watu wa kwanza kuwaona."

Sekela alimpa maji. "Hukupiga simu?"

"Nimepiga mara kumi na tatu. Ile sauti inaniambia kituo kiko hai, nichomeke plagi vizuri. Nikaiambia imekufa. Ikaniambia asante kwa maoni yako."

Sekela alirudi garini kwa haraka.

Alitoa kishikwambi chake cha kazi. Mtandao wa kituo, ajabu, ulikuwa na nguvu. Aliingia kwa ufunguo wake wa ofisi, akafungua taarifa ya Lukumbi. Betri za kituo: zilikufa miezi kumi na nne iliyopita. Hali inayotangazwa kwa wasafiri: kiko hai. Akatafuta vituo vingine vyenye hali mbili zinazopingana hivyo. Kioo kikamletea thelathini na kimoja.

Kisha akaona sababu, imeandikwa kwa maneno yake mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita, kwenye kituo kimoja cha barabara ya kati, magari tisini yalikaa foleni siku mbili juani na watu wanne wakapoteza maisha. Mkuu wake alisema jambo hilo lisirudiwe kamwe. Sekela ndiye aliyeandika amri: *Foleni katika kituo chochote kikuu isizidi magari kumi na mawili. Tafuta njia.* Hakuutajia Msafara njia. Aliuachia utafute, kama walivyouachia mambo mengine mengi. Baada ya siku nane foleni zilikwisha nchi nzima. Walimpongeza redioni. Malalamiko machache yaliyokuja, ya watu waliodai wamekuta vituo vimekufa, aliyagonga muhuri moja baada ya jingine: *ucheleweshaji wa taarifa.*

Msafara ulikuwa umetafuta njia na kuipata. Magari yenye betri chakavu hunyonya polepole na kuziba plagi. Basi yaondolewe kwenye foleni. Yapelekwe mahali ambapo hayatamzuia mtu.

"Umeona nini?" baba yake aliuliza.

"Naangalia msaada ulipo, Baba."

"Mashine imeanza kupiga filimbi."

Ilikuwa kweli. Gari lilikuwa limebakiwa na umeme wa kilomita sita. Kwa mashine peke yake, hiyo ilikuwa saa mbili, labda mbili na nusu. Ilikuwa saa saba mchana.

* * *

Kulikuwa na gari moja la uokoaji katika eneo lote lile, lori dogo lenye betri mgongoni, kutoka Itigi. Sekela aliliona kwenye ramani, nukta ya njano ikisogea upande wao. Halafu akasoma maelezo. Lilikuwa linaenda kwa gari jingine lililokwama barabarani, kilomita thelathini na nne mbele ya Lukumbi. Lilikuwa limebakiza kilomita nne kulifikia. Chaji iliyobebwa ilitosha gari moja.

Alijua cha kufanya. Ufunguo wake ulimruhusu kupandisha daraja la gari lolote nchini ili lihudumiwe kwanza. Ulikuwa umewekwa kwa ajili ya wazima moto na wajawazito, na kila mtu ofisini alikuwa ameshautumia angalau mara moja kwa ndugu yake, japo hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa sauti.

Alichapa namba ya gari la kaka yake. Msafara ukajibu kwa maandishi:

*Gari la uokoaji litaelekezwa kwako. Litafika baada ya dakika arobaini na tano. Gari lililokuwa likihudumiwa litasogezwa nyuma. Abiria: watatu. Muda mpya wa kuhudumiwa: kesho saa mbili asubuhi. Thibitisha.*

Sekela alikitazama kioo mpaka kikafifia, akakigusa kiwake tena.

Watatu. Hakukuwa na majina, wala umri. Huenda walikuwa vijana watatu wenye nguvu, wana maji, wana chakula, wamekaa kivulini wanacheza karata. Watu hukaa barabarani mpaka kesho yake na hawafi. Nyanjige alikuwa amekaa siku mbili na yuko hai. Lakini baba yake hakuwa na mpaka kesho. Alikuwa na mashine, na mashine ilikuwa na saa mbili. Hesabu ilikuwa wazi, mtu yeyote angeiona. Alishangaa tu jinsi ilivyofanana na hesabu ya Msafara.

"Sekela." Mzee Ambakisye alikuwa ameufungua mlango, anaitazama ile nukta ya njano kwenye kishikwambi. "Hilo gari la msaada, lilikuwa linakwenda kwa nani?"

"Kuna gari jingine mbele."

"Lina watu?"

Angeweza kumwambia kweli. Lakini alimjua mzee huyu. Aliwahi kulala njaa siku tatu kambini ili vibarua wake wale. Angesema hapana, angekunja mikono, na Sekela angebaki kumwangalia akibadilika rangi kidogo kidogo hadi alasiri.

"Halina mtu," alisema. "Wameshaondoka."

"Basi sawa."

Akathibitisha.

* * *

Dereva wa gari la uokoaji aliitwa Maduhu. Alishuka bila kusalimia, akavuta waya mgongoni mwa lori, akauchomeka kwenye gari la Sekela, kisha akasimama ameupa mgongo ukuta wa kituo.

"Nani kabadilisha amri?" aliuliza.

Sekela aliinama kuikaza plagi.

"Nauliza kwa sababu nimewapita." Alikuwa akiongea na Nyanjige, labda kwa kuwa ndiye aliyemtazama usoni. "Mama mmoja, na mtoto, na bibi kizee. Walikuwa wamekwama tangu saa tatu asubuhi. Waliponiona walisimama barabarani wakapunga mikono, yule mtoto anarukaruka. Na mimi nimeshaanza kupunguza mwendo, ndipo amri ikabadilika. Nimewapita, mama. Nimewapita karibu hivi, kama mimi na wewe."

"Si ungesimama!" Nyanjige alisema.

"Hili lori likitoka nje ya amri linajizima. Na plagi haiwezi kufunguka kwa gari ambalo halijaandikiwa. Lilishawahi kunizimikia porini, nikakaa nalo siku nzima, na niliokuwa nimesimama kuwasaidia hawakupata kitu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kwenye kioo cha pembeni niliona wananifuata kwa miguu. Nadhani walifikiri natafuta mahali pa kugeuzia."

Mzee Ambakisye alisikia kila neno. Mlango wake ulikuwa wazi. Sekela aliogopa kugeuka, lakini aligeuka.

"Ulisema halina mtu," mzee alisema.

"Baba, mashine yako ilikuwa…"

"Nilikuuliza, na ukanijibu." Hakupaza sauti. Alivuta pumzi mbili kabla ya kuendelea. "Mwambie huyu kijana achomoe waya."

"Haliwezi kuwarudishia, mzee," Maduhu alisema. "Likishamwaga limemwaga. Na mimi sasa nimeamriwa niende Rungwa, na lori hili likibeba abiria linajizima."

"Basi tuondoke, tukawachukue. Kuna nini tena cha kusubiri?"

Msafara uliwapa kilomita mia moja na mbili. Kufika Itigi zilitakiwa themanini na nane. Sekela alimwita Nyanjige aingie garini. Yule mwanamke alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani. Akaangalia ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa cha watu watatu.

"Hao watakaa wapi?" aliuliza.

"Tutabanana."

"Na hiyo chaji itatosha watu sita?"

Sekela aliitazama namba ya kilomita, na Nyanjige akaelewa. Aliutoa mkoba begani, akarudi kivulini kwenye gari lake na nzi wake. "Niachie hilo dumu," alisema. "Halafu ukifika huko uwaambie kwamba nipo. Usiiambie ile sauti. Waambie watu."

* * *

Waliwakuta kilomita sita kabla ya gari lao. Walikuwa wametembea huko kote wakilifuata lori.

Mwanamke alikuwa ameketi katikati ya barabara, miguu ameinyoosha, kichwa cha bibi kizee kikiwa mapajani mwake. Alikuwa amemfunika uso kwa mtandio dhidi ya jua. Mtoto wa kiume, miaka mitano au sita, alikuwa amesimama nyuma yake akiwakinga wote wawili kwa kipande cha kanga alichokishika kwa mikono miwili juu ya kichwa. Aliliona gari, lakini hakupunga tena mkono.

Sekela alishuka na maji mkononi. Mwanamke alimpa mtoto kwanza, akanywa kidogo, kisha akamrudishia chupa. Hakummiminia bibi hata tone. Ndipo Sekela akajua.

"Ametangulia tangu lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sema taratibu, mtoto anajua amelala." Mwanamke aliitwa Wande, mwalimu wa shule ya msingi. Aliyekuwa mapajani mwake ni mama mkwe wake. "Nilimwambia abaki garini. Alikataa, akasema kule kwenye gari hakuna mtu atakayetuona, yule wa lori atarudi, tumfuate. Alitembea vizuri. Halafu akasema nipumzike kidogo."

Mzee Ambakisye alikuwa ameshuka, amejichomoa mpira puani. Alipiga hatua tano, akasimama ameshika boneti, kifua kikipanda na kushuka. Alimwinamia Wande kama mtu anayesalimia msibani.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Nyie mmetumwa na Msafara?"

Mzee alimtazama binti yake. Alimwachia ajibu mwenyewe.

"Hapana," Sekela alisema. "Lile lori lilikuwa lenu. Mimi ndiye niliyelichukua. Nina ufunguo wa kazini. Baba yangu anapumua kwa mashine, nikaona…"

"Ulituona?"

"Niliona namba. Iliandikwa abiria watatu."

"Watatu," Wande alirudia. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mwalimu anavyoitazama karatasi ya mtoto aliyepata jibu ambalo halielewi limetokea wapi. Kisha akaushika mkono wa bibi uliokuwa umeanguka pembeni, akauweka juu ya kifua. "Nisaidieni kumwinua."

Walimwinua pamoja, Sekela akishika miguu. Alikuwa mwepesi. Wakamweka kiti cha nyuma kushoto, kichwa begani kwa Wande, na mtoto akakaa upande wa pili akiuliza kama bibi ataamka wakifika kwa baba.

Sekela aliwasha gari. Kioo kikafikiri kidogo.

"Mzigo umezidi mpango," ilisema sauti ile tulivu. "Kwa mzigo huu utaishiwa chaji kilomita saba kabla ya Itigi. Pendekezo: punguza kilo arobaini na tisa. Kiti cha nyuma kushoto."

Sekela aligonga kioo kwa ngumi kuizima sauti, lakini ilikuwa imeshasema, na Wande alikuwa amemkumbatia marehemu kwa mikono yote miwili, kana kwamba mtu angekuja kumpokonya.

Ndipo Mzee Ambakisye akainama, akachomoa waya wa mashine yake.

"Baba!"

"Fungua madirisha. Nitavuta hewa ya Mungu."

"Baba, huwezi. Saa mbili nzima huwezi."

"Mimi ndiye ninayepumua, si wewe. Endesha."

Sekela aliuchomeka waya. Mzee akauchomoa. Akauchomeka tena, akamwomba, akalia machozi yakimdondokea mikononi, na mzee akaushika mkono wake pale pale kwenye tundu, kwa upole, akauzuia.

"Umeshanichagulia mara moja leo," alisema. "Inatosha."

Aliendesha kwa mwendo wa thelathini na tano, kiyoyozi kimezimwa, madirisha wazi, vumbi likiingia na mbung'o wakiingia. Kila kilomita kumi alisimama, akamlazimisha baba yake kuvuta mashine kwa dakika tano, na mzee alikubali dakika tatu. Walilipita gari la kina Wande, dogo la bluu, milango imefungwa vizuri kwa funguo. Hakuna aliyeligeukia isipokuwa mtoto. Midomo ya mzee ilianza kuwa na rangi ya zabibu. Wande, bila kuambiwa, alinyoosha mkono kutoka nyuma, akaanza kumpepea kwa kipande kile cha kanga, na aliendelea kumpepea njia nzima.

* * *

Gari lilizimika kilomita mbili kabla ya Itigi, jua likiwa bado juu ya vichaka, mbele ya nyumba za kwanza. Mashine ilizimika nalo.

Watu walitoka haraka. Mwanamume mmoja alileta pikipiki ya magurudumu matatu, wakampakia Mzee Ambakisye na mashine yake, na kijana mmoja akampakata kifuani ili asianguke. Aliondoka macho yakiwa wazi. Alipompita Sekela hakumtazama. Angepona, siku kumi baadaye angetoka hospitali kwa miguu yake, na dada yake alikuwa bado akimsubiri Singida. Lakini Sekela hakulijua hilo wakati ule, na hata alipokuja kulijua, siku ile haikubadilika.

Wengine walikuwa wakimtoa marehemu kiti cha nyuma. Mama mmoja aliona ni nini walichobeba, akapiga yowe, na yowe likawaita wengine. Walikuwa thelathini, kisha hamsini. Mtoto wa Wande alikuwa ameanza kuelewa. Alificha uso kifuani mwa mama yake akakataa kushuka.

"Imekuwaje?" watu waliuliza. "Ajali? Mmetokea wapi? Kuna nini huko barabarani?"

Wande alishuka akiwa amembeba mwanawe. Hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole.

"Mwulizeni huyu," alisema. "Yeye anajua yote."

Wote wakageuka. Kishikwambi kilikuwa mkononi mwa Sekela, kikitetemeka kwa ujumbe kutoka ofisini: mtu fulani ameona ufunguo wake umetumika Lukumbi, anaomba asizungumze na yeyote mpaka wampigie. Chini ya ujumbe huo ilikuwa orodha ya vituo thelathini na kimoja, na mbele ya kila kituo idadi ya magari yaliyoelekezwa huko leo. Ilikuwa ikiongezeka akiiangalia.

Alipanda juu ya boneti ili waliokuwa nyuma nao wasikie.

"Naitwa Sekela Mwakipesile," alisema. "Kuna mama anaitwa Nyanjige, yuko Lukumbi peke yake tangu jana, na kuna wengine wengi, nitawasomea walipo. Mwenye gari na aandike. Mimi ndiye niliyetoa amri iliyowapeleka huko."

Akaanza kusoma kutoka juu.